Kibuyu Nilichokiosha

Mama mkwe wangu, mama wa Shomari,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini katika mwaka ule na ushee tuliokaa nyumba moja sikuwahi kuianza siku bila kukuamkia, na sioni kwa nini nianze utovu wa adabu leo kwa sababu tu umekufa. Umefariki, nisamehe. Mdomo wangu bado uko vilevile. Ulikuwa unasema unatangulia kichwa, na Shomari anacheka pembeni utadhani si yeye aliyeuoa mdomo wenyewe.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Mafiga, maharage yako motoni. Nikichungulia dirishani mlima umefunikwa na wingu mpaka kiunoni, kwa hiyo huko kwenu Kinole kunanyesha. Nimekukumbuka tangu asubuhi, nikasema bora niandike kuliko kuongea peke yangu mbele ya sufuria, maana majirani wameshaanza kuniangalia.

Unakumbuka siku uliyoshuka? Shomari alikupigia simu kukupa habari mbili kwa mpigo. Ya kwanza njema: baada ya miaka saba ya ndoa, miaka saba ya watu kuniangalia tumbo kabla ya kuniangalia usoni, nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya pili: kliniki wamenipima, wamenikuta na sukari. Hukusema hongera wala pole. Shomari anasema uliuliza tu, "Anakula nini huyo?" Kesho yake saa sita mchana ulikuwa mlangoni kwetu na mkungu wa ndizi, kiroba cha magimbi, maharage ya rangi tatu yamechanganyika, na kibuyu kilichofungwa kwa kanga kuukuu ambacho hukumruhusu mtu yeyote akupokee.

Mimi nilikuwa naogopa, Mama. Sijui kama uliwahi kujua nilivyokuwa naogopa. Mama yangu mzazi alianza hivihivi, sukari kidogo tu. Vikaja vidonge, ikaja sindano, akakatwa kidole, akakatwa mguu, na tulipomzika nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hiyo daktari aliponieleza, kwa upole kabisa, kwamba sukari ya ujauzito mara nyingi huondoka mtoto akishazaliwa, kwamba tujaribu kwanza chakula na kutembea, halafu baada ya wiki mbili aone kama nahitaji sindano, mimi sikusikia neno jingine zaidi ya sindano. Niliona mguu wa mama. Nilimwona na mtoto wangu, huyo niliyemngoja miaka saba, naye hayupo. Nikatoka pale nikaenda kununua chipsi mayai na soda baridi, nikala huku nalia. Mtu mzima, mfanyakazi wa maabara.

Ukaniweka ndani kama mwali. Ulifungua kabati langu, ukatoa unga wa sembe, ukaunusa, ukauliza, "Kiini chake mmekipeleka wapi?" Nikajibu umekobolewa, ndio msafi. "Hee, msafi! Kuku wa jirani wanakula mahindi, nyie mnakula rangi nyeupe." Nilinuna siku nzima. Lakini kuanzia jioni ile nyumba ilihamia kwenye dona. Maharage, kunde, mbaazi, mlenda, majani ya maboga. Wali mara moja kwa wiki, nao kidogo, tena umezama kwenye maharage. Soda zangu zote ulimgawia jirani bila kuniuliza. Tukimaliza kula jioni, jua halijazama, unanishika mkono twende mpaka barabara ya lami na kurudi, wewe na ndala zako, ukisimama kumsalimia kila mtu mpaka nachoka kusimama kuliko kutembea.

Halafu kiporo! Mimi nimekulia mjini, nimefundishwa kwamba kiporo ni cha mtu aliyekosa. Wewe ulikuwa unachemsha magimbi jioni makusudi ili tuyale asubuhi yakiwa yamepoa. Nilikuuliza kwa nini, ukajibu, "Mama yangu alifanya hivyo." Ndilo lilikuwa jibu lako kwa kila kitu, na mimi niliyesomea sayansi lilikuwa linanichoma roho.

Na togwa. Uji mwepesi wa dona, unaupika mpaka unaiva vizuri, unauacha upoe hadi uvumilike mkononi, unatia unga wa kimea cha ulezi, unakoroga, kisha unaumimina kwenye kile kibuyu ambacho chini yake daima ulibakiza kidogo ya zamani. Asubuhi imechachuka, ina povu, inakukunja uso. Nilimuuliza daktari akasema kikombe kidogo hakina neno, mradi isitiwe sukari na tuendelee kupima. Ulinipimia mwenyewe kwenye kile kikombe cha bati na kunisimamia mpaka niishushe yote.

Sasa kosa langu.

Ulikwenda siku mbili kwenye msiba Kichangani. Wewe unajua kazi yangu. Miaka kumi na mitatu nafanya maabara, na kazi yenyewe ni kuwatafuta vijidudu ili wauawe. Maji ya visima, maziwa, mikono ya wapishi, vyote vinapita kwangu. Nikiona kitu kina utelezi roho haitulii. Na pua ya mjamzito, nisikuambie. Nikachungulia ndani ya kile kibuyu nikaona ukoko mweusi, nikasikia harufu, nikasema masikini mama wa watu, macho yamechoka, haoni uchafu huu. Nikakitia sabuni. Nikakipiga brashi ya chupa. Nikamwagia maji yanayochemka, kisha maji ya klorini, kisha nikakianika juani mchana kutwa. Kilikuwa kinang'aa. Wallahi nilikuwa nangoja unisifu.

Ulirudi, hukukaa, ulikwenda moja kwa moja jikoni. Ukakiinua, ukakinusa.

"Zena, umefanya nini?"

"Nimekiosha, Mama."

Ukaketi sakafuni palepale na viatu vya safari miguuni. Hukufoka. Ulijifunika uso kwa mtandio, na mabega yakawa yanatikisika. Ukasema neno kwa Kiluguru ambalo Shomari mpaka leo amekataa kunitafsiria. Heri ungenipiga.

Ulipotulia ndipo ukanieleza. Vibuyu vyenyewe hupasuka, mtu anatafuta kingine, lakini kile kilicho ndani hakijawahi kukatika. Mama yako alipewa na mama yake, na yeye na wa kwake, upawa mmoja mmoja, siku binti anapoolewa. Ukiondoka kwenda kwa mume unaondoka na upawa wa togwa ya mama yako, ndio unaanzia nyumba. "Mimi sina binti," ukasema. "Nina Shomari peke yake. Ndiyo maana nilikuja nayo kwako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo: "Lakini Mama, si tutatengeneza nyingine?" Tukatengeneza. Siku ya pili ilinuka soksi zilizolowa. Tukamwaga. Wiki hiyohiyo nikapimwa, sukari imeshuka kidogo lakini haijafika panapotakiwa. Daktari akanipa wiki mbili nyingine. Nilirudi nyumbani nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na wewe ulikuwa unanipikia bado, unanipakulia bado, ila huongei na mimi. Hicho kimya kilinitesa kuliko sukari.

Nikaenda kumweleza mkubwa wangu wa kazi, yule mama mtaalamu wa vyakula ambaye ulikuja kumpenda baadaye. Nilidhani atanicheka. Alicheka kweli, kisha akaacha ghafla. "Zena," akasema, "umeua shamba la watu." Akanivutia kiti, akanieleza mpaka chai ikatupoea. Mama, mimi nilikuwa nayajua yale mambo kwa juujuu tu, ya kwenye mtihani. Siku ile yaliniingia. Nilitoka pale natembea polepole, nimejishika tumbo, si kwa sababu ya mtoto tu.

Nikakukuta unachagua maharage, umenipa mgongo. Nikaanza kuongea na huo mgongo.

"Mama, kumbe tumboni, kule chini kwenye utumbo mpana, kuna viumbe wengi ajabu. Hawaonekani kwa macho. Kwa idadi wanakaribia kuwa sawa na vijichembe vyote vya mwili wangu mwenyewe."

Hukugeuka. "Minyoo?"

"Si minyoo. Wadogo zaidi, na wengi wao ni wema. Bakteria."

"Wanakula nini?"

Swali lako lilelile! Nilikaribia kucheka. "Wanakula kile kinachotushinda sisi. Maganda ya maharage, nyuzinyuzi za mboga, kiini cha mahindi. Na gimbi lililopoa."

Ndipo ukageuka. "Lililopoa?"

"Ndiyo. Likishapoa, wanga wake mwingine unagoma kumeng'enywa huku juu. Haugeuki sukari haraka. Unateremka mpaka kwao, wao wanauchachusha."

"Wanauchachusha. Kama togwa."

"Kama togwa, Mama. Na ile chachu wanayotoa ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo. Nyingine inaingia kwenye damu, inafika mpaka kwenye ini, inasaidia mwili ujue namna ya kuitumia sukari."

Ulikuwa umeshika punje moja ya maharage, nyekundu, unaiangalia. "Na mtu akila zile chipsi zako na soda?"

"Tunavimaliza vyote huku juu. Wao wanalala na njaa. Njaa ikizidi wanaanza kula ute unaokinga ukuta wa utumbo."

"Wanakula nyumba."

"Wanakula nyumba, Mama."

Ukacheka mpaka ungo ukamwagika. Kicheko cha kwanza tangu kosa langu. "Miaka yote hiyo," ukasema, "mimi nilidhani nampikia Shomari na baba yake tu!"

Nilipiga magoti tukaokota maharage pamoja. Nakumbuka nilikuwa najiangalia mikono na kujiuliza: kumbe mimi ni nani? Miaka kumi na mitatu nawinda vijidudu, na mimi mwenyewe ni kijiji chao. Wapo ndani yangu hawajui jina langu, hawajui kwamba naogopa, wanachachusha tu kile nilichowatupia, na hali yangu ya kesho inategemea pia wameshinda na nini leo. Subhanallah. Sina neno jingine. Nywele za mikono zilinisimama pale sakafuni, zinanisimama na sasa.

Kesho yake alfajiri hukuwepo. Shomari akasema umepanda gari la kwanza kwenda kwenu, hukutaka niamshwe. Siku tatu sikulala vizuri. Nilijua umenikimbia, na nilijua ninastahili. Siku ya tatu saa tisa alasiri nikakuona unaingia uani, matope mpaka magotini, na kitu umekikumbatia kifuani ndani ya kanga. Kilikuwa chupa ya maji ya kunywa, imejaa togwa, mfuniko umeulegeza ili isipasuke. Ulikwenda mpaka kwa mdogo wako Pili, kule juu ambako gari haifiki, kwa miguu yako yenye magoti mabovu.

"Wa kwangu umewaua," ukasema. "Wa Pili wapo. Mama yetu ni mmoja."

Basi. Mimi sikukuomba msamaha. Ningewezaje? Niliingia jikoni kupika uji wa kuanzia.

Jumamosi ile nilikuomba twende kazini kwangu. Mkubwa wangu alikubali, tena kwa furaha. Ulivaa baibui lako jeusi zuri, kama unakwenda maulidini. Nikadondosha tone moja la togwa kwenye kioo. Sikuwatia rangi, maana rangi huwaua, na nilikuwa nimeshaua wa kutosha. Nikakukalisha mbele ya hadubini.

"Funga jicho moja, Mama."

"Lipi?"

"Lolote."

"Naona kope zangu." Ukahangaika, ukanung'unika, ukasema mashine hii ni ya wenye macho ya kitoto. Nami nikawa nazungusha kile kirungu cha kurekebisha picha taratibu. Halafu ukaacha kunung'unika, ukasogea mbele na kigoda chako.

"Wako wengi," ukasema kwa sauti ndogo. "Vijiti. Vingine vimeshikana. Na hivi vya duara vikubwa?"

"Hamira hizo, za porini."

"Wanatetemeka."

"Wako hai."

Hukuondoa jicho. "Hawa ndio wa mama yangu?"

Nilitaka kukupa jibu la kitaalamu. Kwamba wanagawanyika kila baada ya muda mfupi, kwamba toka enzi za mama yako vimepita vizazi visivyohesabika, kwamba wengine wameingia njiani kutoka kwenye kimea na mikononi. Nikasema, "Ndio, Mama. Ndio haohao."

Ukainuka kwenye kile kigoda. Ukarekebisha mtandio kichwani, ukaukaza vizuri, ukainama tena kwenye hadubini, na mimi nikakusikia kwa masikio yangu ukisema, "Shikamooni."

Mkubwa wangu alikuwa mlangoni. Alivua miwani. Mimi nililia bila kujizuia, na machozi ya mjamzito hayana breki. Wewe, bado jicho liko kwenye kioo, ukanisukuma kwa kiwiko: "Toka hapo, utawatia chumvi."

Nilipopimwa tena, sukari ilikuwa imeteremka. Imeteremka kweli! Daktari akasoma mara mbili, akasema tuendelee hivihivi, sindano haihitajiki kwa sasa. Ulikuwa nje kwenye benchi. Nilikuja nikikimbia na tumbo langu hilo, ukanifokea kwa kukimbia kabla sijakuambia kitu, na nilipokuambia ukasema tu, "Haya, twende tukapike," ukatangulia mbele na kuusahau mkoba wako kwenye benchi. Sitaki mtu asome barua hii akadhani kibuyu kiliniponya. Mkubwa wangu alinikanya mapema: wale wa kwenye togwa wengi ni wapita njia, wanasalimia na kuendelea na safari. Ilikuwa dona, maharage, barabara ya lami jioni, kupima bila kuruka siku, na majaliwa yake Mwenyezi Mungu. Wapo wanaofanya yote hayo na sindano bado wanaihitaji, na mtoto anazaliwa salama. Namjua mmoja, tulikaa naye benchi moja. Lakini najua pia kwamba bila wewe ningeendelea na chipsi na machozi.

Tausi akazaliwa. Uzito wa kawaida, sauti ya kupita kawaida, ukasema hiyo imetoka kwangu. Wiki sita baadaye nikapimwa, sukari imerudi mahali pake. Napima kila mwaka, maana inaweza kurudi, siku hizi naliongea hilo bila kutetemeka.

Na yale ya maziwa, unakumbuka? Nilirudi nimetoka kazini na habari mpya, nikakukuta umempakata. Nikakuambia kwamba ndani ya maziwa ya mama kuna sukari za namna fulani ambazo mtoto hawezi kabisa kuzimeng'enya. Zinampita tu. Ukashangaa: mwili wa mama uhangaike kutengeneza chakula ambacho mtoto hakiwezi? "Si cha mtoto, Mama. Ni cha wale. Anapozaliwa wengine wanamwingia kutoka kwa mama yake, na maziwa yanakuja na posho yao." Ulimwangalia Tausi ananyonya kidole, ukatazama blauzi yangu iliyolowa kifuani, ukatikisa kichwa polepole. "Mungu fundi," ukasema. "Mungu fundi jamani." Uliirudia siku nzima. Ulimwambia muuza mchicha, ulimwambia mjumbe, ulimwambia Shomari mara nne.

Halafu ukaenda kwenu kuangalia shamba, ukasema siku tatu, na hukurudi. Moyo tu, walisema. Umekaa kizingitini unamenya njegere, ukainamisha kichwa. Tausi alikuwa na miezi tisa.

Siku ya arobaini tulipanda wote Kinole. Chakula kilikuwa kizuri, ungeridhika. Wazee wa ukoo wenu walikaa upande wao wakawa wanahesabu milango ya ukoo, nani kaacha nani. Walipofika kwako mzee mmoja akasema, kwa huruma kabisa, hakuwa na ubaya, "Mlango wa Mwajuma ndio umefungwa. Hakujaliwa mtoto wa kike." Kwa mila yenu amesema kweli. Mtoto anafuata ukoo wa mama yake. Tausi ni wa kwetu, si wa kwenu. Hakuna aliyebeba jina la ukoo wako kutoka kwako, Mama, na hatakuwepo. Shomari aliangalia miguu yake. Nami nilikuwa miongoni mwa wanawake, nimeshika mwiko, na mdomo huu wangu, huu unaotangulia kichwa, ukanifia. Tangu siku hiyo nina hasira. Nina hasira na yule mzee, nina hasira na mimi mwenyewe, na wewe nina hasira nawe kwa kufa kabla sijakuambia hata kitu kimoja cha maana.

Nimejaribu kukutafuta kwa njia ninayoijua. Nimeweka togwa kwenye hadubini, nimeangalia mpaka jicho likauma. Nilithubutu hata na nepi ya Tausi, usicheke. Wako wengi, wana haraka, wanashughulika. Lakini hadubini haiwezi kuniambia yupi ametoka kwa nani. Nilimuuliza mkubwa wangu akasema watu wanaoishi nyumba moja, wakala sufuria moja, wakapakata mtoto mmoja, hupeana. Ni kina nani hasa, hata yeye kwa vifaa vyetu hawezi kusema.

Sasa nikuambie nilichokiona.

Tausi alipotimiza miezi sita, siku ya uji wake wa kwanza, tulikubaliana uningoje nirudi kutoka kazini nimlishe mimi. Nilitoka mapema. Nilivua viatu barazani, nikafika mlango wa jikoni, hukunisikia. Ulikuwa umemkalisha pajani. Ukachota uji kwa kijiko, ukauonja kinywani mwako kuona kama umepoa, ukakilamba kijiko chote. Kisha, kwa kijiko kilekile, bila kukisuuza, ukachota tena ukampa mwanangu.

Mimi, Mama. Mimi ninayefundisha watu wasionje uji kwa kijiko cha mtoto. Nimewapigia kelele wakinamama wangapi kliniki kwa jambo hilohilo, na nikiwakuta leo nitawapigia tena. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikaliacha. Nilisimama pale nikakiangalia kijiko kikitoka kinywani mwako kikienda kinywani mwake, mara ya pili, mara ya tatu, na yeye anafungua mdomo kabla hakijafika. Kisha nikarudi nyuma mpaka getini, nikalifunga kwa kishindo ili usikie. Nilipoingia ulikuwa umeshamfuta mdomo. Ukaniambia, bila haya yoyote, "Hajala kitu huyu, tulikuwa tunakungoja wewe."

Nilikuona, Mama. Nilikiacha kijiko makusudi, wa kwako wapite kwake. Yule mzee hakuwepo jikoni siku ile, ndiyo maana anasema vile.

Kwaheri kwa leo. Mwenyezi Mungu akuongezee nafasi huko ulipo. Mjukuu wako ananivuta kanga, anataka kula.

Mkweo,
Mama wa Tausi wako